Ukuta Uliokataa Kukauka

Haya mtakayoyasoma ni kweli tupu. Sijaongeza, sijapunguza, na kama palikuwa na chumvi humu nimeikung'uta nje kabla ya kushika kalamu. Msomaji akigundua uongo, hata uwe mdogo kama punje ya mchanga, nitaosha chupa. Sisemi chupa moja. Nitaosha gunia zima, kwa mikono hii hii, bila kunung'unika na bila kusingizia mgongo. Nimeapa.

Basi, palikuwa na mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Chumvi. Alikuwa amezeekea kwenye mabehewa ya garimoshi akikagua tiketi, na huko masikio yake yalipitiwa na uongo wa kila aina: abiria aliyedai tiketi yake imemezwa na mtoto, aliyejifanya bubu tangu kuzaliwa mpaka alipokanyagwa kidole, aliyelala fofofo kila mkaguzi alipopita na kuamka kila muuza karanga alipopita. Ukishinda kwenye duka la manukato, jioni utarudi unanukia tu. Alipostaafu, Mzee Chumvi alikuwa na akiba ya uongo wa watu ya kumfikisha kaburini, akaanza kuutumia kidogo kidogo, akiutia viraka vya kwake pale ulipopwaya.

Wenzake walimuaga kwa kumkatia kipande cha reli yenyewe, kirefu kama kiatu cha mtu mzima na kizito kama mtoto anayejifunza kutembea. Siku kilipoletwa, mkewe alikizunguka mara mbili, akauliza, "Sasa hiki tunakipika au tunakivaa?" Tangu hapo kilikaa kwenye kizingiti, kikizuia mlango wa nyuma usibamizwe na upepo.

Mkewe ndiye aliyekuwa na kazi inayoeleweka. Alitengeneza sharubati ya malimau, akaijaza kwenye chupa za kioo na kuyauzia maduka ya mtaani. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa kiwanda chake: jiko, sufuria kubwa, meza yenye bati juu, rafu za chupa. Chumba kizuri, ila kilikuwa na kasoro moja. Ukuta wa upande wa dirisha ulikuwa matofali matupu, na bwana afya alipokuja kukagua alichokoa kwa ncha ya kalamu kwenye ufa kati ya matofali mawili, akatoka na mguu wa mende.

Aliuinua ule mguu mbele ya dirisha kama mtu anayesoma kipimajoto.

"Ukuta huu upigwe plasta, mama," alisema. "Uwe laini, uwe unaosheka. Nitarudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nikiukuta hivi, sharubati yako utainywa mwenyewe."

Mama Sharubati, ndilo jina la mkewe mtaani, alimwita mdogo wake, ambaye alikuwa fundi ujenzi. Fundi alikuja na mwiko wake mfukoni, akaupigapiga ukuta, akaupima kwa macho, halafu akageuza karai juu chini na kulikalia.

"Saruji ninayo mfuko mzima, dada. Maji yapo. Ukuta huu hapa. Mchanga ndio hakuna."

"Hakuna vipi? Nenda ukatafute."

"Nitautoa wapi? Kwenye macho yangu?"

Alikuwa akisema kweli. Malori ya mchanga yalikuwa hayaonekani tena. Mto ulikuwa umechimbwa mpaka nguzo za daraja zikabaki zimening'inia kama miguu ya mtu aliyekaa kwenye kiti kirefu, na uchimbaji ukapigwa marufuku. Mafundi wa mtaa mzima walikuwa wamekaa juu ya makarai yao kama yule.

Mzee Chumvi alisimama mlangoni, mguu mmoja juu ya kipande cha reli. Hakuwa anamtazama shemeji yake wala ukuta. Alikuwa anatazama gunia lililoegemezwa uani, gunia la chupa ambazo mkewe aliziita chupa wagonjwa: zilizomeguka midomo na zilizopata nyufa. Zilirudi kutoka madukani na masalia yake ndani, zikatupwa humo zikisubiri siku ambayo mtu angejua la kuzifanya.

"Shemeji," alisema, "hizi chupa zilikuwa nini kabla ya kuwa chupa?"

"Zilikuwa chupa ndogo. Zikakua."

"Zilikuwa mchanga. Mchanga uliochomwa ukayeyuka. Sasa najiuliza, kitu kilichotoka kwenye mchanga hakiwezi kurudishwa kwenye mchanga?"

Fundi alimtazama dada yake, kisha akamtazama shemeji yake tena. "Mzee, wewe ukipewa yai la kukaanga utalitafutia kuku alilalie."

Mama Sharubati alicheka mpaka akashika meza. Lakini Mzee Chumvi alikuwa na ugonjwa ule wa watu waliojifundisha wenyewe. Swali likimwingia halitoki mpaka litafutiwe chakula. Na safari hii halikuwa la mchezo. Ukuta usipopigwa plasta, mkewe angefunga kiwanda, na yeye, ambaye kustaafu kwake kulikuwa kumejaa hadithi na si kingine, alijua vizuri nyumba ile ilisimama juu ya mgongo wa nani.

Asubuhi iliyofuata hakugusa gunia. Alianza na majaribio. Jirani yao fundi cherehani alikuwa amevunjikiwa dirisha, na vipande vya kioo vilikuwa vimefagiliwa pembeni mwa barabara. Mzee alivikusanya kwa glavu za bustani. Akatafuta mtungi wa chuma uliokatwa nusu, akavitia humo, akafunika kwa gunia bichi ili visiruke, akajifunga kitambaa puani na mdomoni, akavaa miwani yake ya zamani ya kazini. Kisha akakinyanyua kipande cha reli kwa mikono miwili na kuanza kutwanga.

Mkewe alichungulia. "Kumbe tunakipika," alisema, akarudi kwenye malimau yake.

Alipofunua gunia, Mzee Chumvi aliinamia mtungi. Kioo cha dirisha kilikuwa hakina rangi, mtu angeweza kuona ng'ambo. Sasa, kilipovunjikavunjika, kilikuwa cheupe pe. Alikivuta kidogo ukingoni kwa kijiko, akakisogeza kwenye mwanga. Kila punje peke yake bado ilikuwa inaonyesha ng'ambo. Zikikusanyika, zinaziba. Uwazi wote ule ulikuwa umekwenda wapi? Alikaa pale akifikiria jambo hilo mpaka chai ikapoa, akainywa ilivyo.

Fundi alipokuja alikuwa amekuja kucheka, lakini akachuchumaa. Alichota kidogo, akakisugua taratibu kati ya vidole viwili vya glavu, sikio limeinama.

"Bado kinalia," alisema.

"Nini kinalia?"

"Kioo. Sikiliza." Kweli, kilitoa mlio mwembamba, kri, kri. "Vipande vikubwa sivitaki kwenye saruji, shemeji. Niliona uzio mmoja, tajiri aliupamba kwa vipande vya chupa, ulipendeza kama mkufu. Mvua zikapiga mara kadhaa, ukapasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Kioo kikubwa kikikaa na saruji kwenye unyevu, wanaanza kugombana humo humo ndani, wanavimba. Saga mpaka kinyamaze."

Mzee Chumvi alilipenda neno lile. Alitwanga, akachekecha kwa wavu wa mbu aliouchomoa kwenye dirisha bovu, akatwanga tena, na kila baada ya muda aliinamisha sikio kama daktari. Kilipunguza sauti. Kikawa kinanong'ona. Mwisho kikanyamaza, kikabaki kinateleza vidoleni.

Walichanganya kidogo na saruji juu ya ubao. Fundi alimwaga maji kwa mazoea yake, na papo hapo mchanganyiko ukawa uji, ukakimbilia pembeni.

"Ee! Maji nimetia yale yale!"

"Mchanga wa mto unakunywa," Mzee Chumvi alisema polepole, akifikiri kwa sauti. "Huu haunywi. Maji yote inabaki nayo saruji."

"Kumbe huu umeacha pombe, eti?"

"Punguza maji, shemeji."

Walipunguza, na mchanganyiko ukakaa vizuri kwenye mwiko. Wakatengeneza kigae cha ukubwa wa daftari la shule, wakakiacha kivulini chini ya kitambaa kibichi. Kesho yake ukucha haukukiachia alama. Keshokutwa kiligongwa kwa kijiko kikalia kama kikombe. Mama Sharubati, ambaye hakuwa mwembamba, alikipandia kwa miguu miwili juu ya vijiti viwili, akarukaruka kidogo.

"Kizima," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mguu wa mende uonekane, sura yake ilifunguka.

Basi hapo ndipo gunia la chupa wagonjwa lilipoburutwa. Mkewe alisimama mlangoni na taulo begani.

"Umeziosha?"

"Mama watoto, mchanga wa mtoni nani aliwahi kuuosha?"

"Mto," mkewe alijibu, akaenda zake.

Mzee na shemeji yake walicheka jibu hilo, wakaliacha lipite. Laiti wangelikaribisha kiti! Walitwanga kwa zamu mchana kutwa, mtaa mzima ukasikia kishindo cha reli. Walisaga mpaka chupa zote zikanyamaza. Rangi ilitoka nzuri, kijani kilichopauka. Kioo kilikuwa kinagandana kidogo, mavumbi yakishikana mabonge mabonge kwenye wavu, lakini walisema ni joto.

Siku iliyofuata fundi alipiga plasta. Na alijua kazi yake, yule mtu: mwiko uliteleza ukutani kama mkono wa mama mgongoni kwa mtoto, ubao wa kusawazishia ukafuata, pima maji ikawekwa na kiputo chake kikakaa katikati bila kutikisika. Walirudi nyuma wote watatu wakautazama.

"Huu," fundi alisema, "hata bwana afya ataomba ahamie."

Asubuhi fundi aliweka kidole ukutani kuonyesha ulivyoshika. Kidole kikaingia.

Alikitoa, akakitazama. Akaweka kingine pembeni. Kikaingia nacho.

"Ni baridi ya usiku," alisema. "Tuuache."

Wakauacha. Kesho yake ulikuwa vilevile, laini kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Kigae cha majaribio kilikuwa mezani, kigumu kama moyo wa mwenye nyumba. Saruji ilitoka mfuko ule ule. Maji ya bomba lile lile, mkono wa fundi yule yule, na kipimo walikipima kwa kopo moja. Kigae kikawa jiwe, ukuta ukawa tope lililokaa wima kwa aibu.

"Saruji imeoza," Mzee alisema.

"Imeoza ukutani ikapona kwenye kigae?"

"Basi ni mkono wako."

"Shemeji! Mkono huu umejenga nusu ya mtaa!"

"Ndiyo maana nusu nyingine haitaki kukaribia."

Mama Sharubati hakuwa anacheka. Alikuwa ameshaanza kuhesabu siku kwa vidole vyake, kimyakimya, na sufuria kubwa lilikuwa limefunikwa. Ijumaa ya bwana afya ilikuwa inakuja. Ukuta wa matofali matupu labda ungemletea Mama Sharubati onyo jingine. Ukuta wa tope ungempa kicheko na kufuli. Mzee Chumvi alimwona mkewe akizifuta chupa ambazo tayari zilikuwa safi, moja moja, na kuzirudisha mahali pake.

Alichukua kigoda akakaa mbele ya ukuta, kama alivyokuwa akikaa mbele ya abiria asiyetaka kusema alipandia wapi. Wakaguzi wana njia yao. Huulizi kitu kikubwa. Unauliza kidogo kidogo, unamwacha ajikanyage. Tofauti kati ya kigae na ukuta ni nini? Kioo cha dirisha, kioo cha chupa. Kimoja cheupe, kimoja kijani. Je, rangi? Alisaga kitako kimoja cha chupa ya kijani ya dawa aliyoikuta kabatini, akatengeneza kigae kidogo. Kikakauka vizuri. Si rangi. Basi ni nini kilichopanda garimoshi hili bila tiketi?

Alikuwa bado amekaa hapo sisimizi walipopita.

Walitokea chini ya kizingiti, msafara mwembamba na wenye nidhamu. Walipita mbele ya kopo la sukari lililofungwa, wakalipungia mkono. Walipita chini ya meza ya malimau. Walifika kwenye ukuta mbichi, ambao kila mtu anajua saruji yake ni kali, inachoma, hata mjusi huikwepa. Wakaanza kuupanda kwa furaha, kama watu waliopewa mwaliko.

Mzee Chumvi aliinuka. Aliutazama ukuta. Aliwatazama sisimizi. Alikuwa mtu jasiri kupita kiasi, na kwa ajili ya mke wake angeweza kufanya lolote. Akafunga macho, akatoa ulimi, akaulamba ukuta.

Moto! Ulimi uliwaka kama uliopigwa pasi. Lakini nyuma ya ule moto, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya barabara, palikuwa na ladha aliyoifahamu.

"Hamu!" alipiga kelele. "Hamu, hemeji! Hamu!"

Fundi alikuja mbio kutoka uani. "Una hamu ya nini tena, mzee, saa hizi?"

"Hi hamu! Hamu! Hu-ha-hi!"

Mama Sharubati alifika, akamtazama mumewe akiwa na saruji puani na ulimi nje, akautazama ule msafara. Mikono yake ikashuka polepole.

"Tamu," alisema. "Anasema tamu. Sukari." Akamgeukia mumewe. "Masalia ya sharubati. Kila chupa ilikuwa na tone chini. Nilikuuliza, umeziosha?"

Fundi alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Haki ya nani! Mafundi wazee walikuwa wakisema, tajiri akiwadhulumu wanamtilia sukari kwenye zege, halishiki. Nikasema hizo ni hadithi za shemeji yangu."

"Mtaa mzima unamwita Chumvi," Mama Sharubati alisema, "na siku aliyoharibu kitu, akatia sukari."

Hapakuwa na muda wa kulaumiana. Fundi alikwangua ukuta wote kwa mwiko, ukateremka vipande vipande kama ganda la uji. Gunia la nyumbani lilikuwa limekwisha, kwa hiyo Mzee Chumvi, ambaye hakuweza kutamka "s" wala "t", alitumwa mtaani kuomba chupa. Inasemekana hiyo ndiyo siku pekee ambayo watu walimwelewa. Fundi cherehani alitoa chupa za mafuta ya mashine, kinyozi akatoa za marashi, na bibi wa nyumba ya kona akatoa za dawa ya kikohozi akisema afadhali zifanye kazi huko kuliko zilivyofanya kwake. Zote ziliingia kwenye maji ya moto na sabuni. Zikasuguliwa kwa brashi, zikasuuzwa, zikaanikwa midomo chini. Mama Sharubati alizipokea moja moja, akazinusa, na kumi na kitu akazirudisha.

Zilizokubaliwa zilitwangwa. Kioo safi kilichekechwa bila bonge hata moja, kikavu kama maneno ya karani. Fundi alipiga plasta mara ya pili, bila majigambo, na siku mbili hakuna aliyethubutu kuugusa ukuta. Siku ya tatu Mama Sharubati aliingia peke yake. Walisikia ukucha wake ukipita, krrr, juu mpaka chini.

"Hauingii!" aliita.

Ijumaa bwana afya alifika na kalamu yake. Aliupapasa ukuta kwa kiganja kizima, akamwagia maji, akayatazama yakiteremka yote bila kubaki. Halafu akageuka, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeridhika.

"Mchanga mmeutoa wapi?"

Fundi aliutazama mwiko wake.

"Mto umefungwa. Mchanga hauuzwi mahali popote. Nauliza, mmeutoa wapi? Maana ukuta mzuri uliojengwa kwa mchanga wa wizi siwezi kuupitisha."

"Ni chupa," Mzee Chumvi alisema. Ulimi ulikuwa umepona. "Tumesaga chupa."

Bwana afya alitabasamu kwa huruma. Sifa za mzee yule zilikuwa zimeshamfikia.

"Mzee, hapo umetia chumvi."

Na hilo ndilo lililokuwa jambo gumu kuliko yote. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu Mzee Chumvi alikuwa anasema kweli, na uso wake haukujua ukae vipi. Macho yalipepesa. Masikio yalipata moto. Alifanana na kila abiria aliyewahi kumteremsha. Alifungua mdomo kuongeza kitu kidogo cha kunogesha, maana kweli peke yake aliiona imekonda mno, mkewe akamkanyaga.

"Njoo uani, bwana afya," Mama Sharubati alisema. "Huyu usimsikilize. Tazama tu."

Alimwonyesha mtungi. Alimwonyesha kipande cha reli, kimechubuka mpaka kung'aa. Akampa kigae, na karai lenye kioo kilichobaki, na glavu. Bwana afya alichota, akainamisha sikio bila kuambiwa, akasugua.

"Kimenyamaza," fundi alimfafanulia.

Bwana afya alimwaga punje kwenye kiganja, akazisogeza kwenye jua. Zilikuwa nyeupe pamoja, na moja moja zilionyesha ng'ambo. Alikaa nazo muda mrefu kuliko kazi yake ilivyotaka. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba ni mkaguzi, "Sasa ule uwazi unakwenda wapi?"

"Hata mimi," Mzee Chumvi alisema, "nimejiuliza mpaka chai ikapoa."

Kiwanda kikapita. Bwana afya aliondoka na chupa ya sharubati aliyoilipia, na kigae kidogo alichokiomba.

Na ukuta ule, wasomaji wangu, mpaka leo unang'aa! Jua la mchana likiingia dirishani, chumba kinawaka kama ukumbi wa harusi. Kinyozi huja kunyoa wateja wake hapo, hahitaji kioo. Jogoo wa jirani amechanganyikiwa, anawika saa saba mchana akidhani kumekucha mara ya pili, na juzi kipofu mmoja alipita barabarani akauliza ni nani aliyewasha...

Hapo mkono wenye harufu ya malimau ulipita juu ya bega langu, ukaichukua karatasi.

Alisoma amesimama. Alisoma yote, tangu kiapo. Mimi nilikuwa natazama kalamu.

"Ukuta unang'aa kidogo," alisema, "tena mtu awe amekaa upande wa dirisha na ainamishe kichwa. Jogoo hana habari nao."

"Hiyo ni lugha tu, mama watoto. Waandishi wote..."

"Hiyo nimekusamehe. Nieleze hapa." Aliweka ukucha, ule ule. "Nani alilamba ukuta?"

"Mzee Chumvi."

"Nani?"

"Si imeandikwa hapo."

"Aliyeungua ulimi akanywa maziwa ya baridi kwa kijiko, akashindwa hata kuonja sharubati yake mwenyewe, ni nani? Aliyesema 'hamu' mbele ya mdogo wake, akachekwa hadi leo, ni nani?"

Nilikohoa. "Wewe."

"Na mwenzangu uliyefumba macho ukatoa ulimi kwa ushujaa, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa uani. Nimekaa juu ya gunia tupu. Naikemea saruji."

Alinyoosha kiganja mbele yangu, wazi, kama nilivyonyoosha changu mbele ya maelfu ya watu.

"Tiketi."

Nilijipapasa mifuko ya shati, kisha ya suruali. Wote hufanya hivyo. Sikuwahi kujua kwamba mtu huwa anatumaini kweli kuikuta.

"Sina."

"Basi shuka. Beseni liko uani, maji yameshachemka, na gunia nimeshalifungua."

Kwa hiyo mstari huu nauandika kwa vidole vilivyolowa, na yale mabaka hapo juu ni povu. Chupa ya kwanza niliisugua, nikaisuuza, nikaiinua kwenye mwanga. Chini kabisa, kwenye kona ya kitako, tone moja lilikuwa limebaki, na kando yake sisimizi mmoja alikuwa ameshawahi kiti. Nimeirudisha majini.